Tepu Tano za Dafroza

Dafroza Stanislausi hajasomea kompyuta hata siku moja. Naanza na hilo mapema ili wenye vyeti wakasirike sasa, tumalizane. Alimaliza darasa la saba kwao upande wa Butiama, akasaga unga Kiabakari miaka tisa, ndipo akaja kupiga deki kwenye hospitali yetu ya misheni, nje kidogo ya mji wa Bunda. Jina la hospitali siandiki, maana humo wamo watu nitawasema, na mmoja wao ni mimi.

Mimi niko upande wa kufulia. Mashuka yote unayoyaona yameanikwa nyuma ya wodi ya akina mama yamepita mikononi mwangu. Dafroza ni mwenzangu wa chai ya saa nne, mwaka wa kumi na mbili huu. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anatembea kama mtu aliyetumwa na bado hajafika. Haongei sana. Kuongea ananiachia mimi.

Alivyoingia kwenye mambo ya kompyuta ni hivi. Hospitali ilipoacha mafaili ya karatasi, ililetwa kompyuta moja kubwa, wanaiita sava, ikafungiwa kwenye chumba kidogo karibu na mapokezi. Kila mgonjwa yumo humo: jina lake, kijiji, ugonjwa, dawa anazokunywa, na picha zake za eksirei. Fundi wa hiyo sava ni Gody, kijana wa Bweri kule Musoma. Anahudumia hospitali nne, kwetu anafika mara moja kwa mwezi, vumbi mpaka kwenye kope. Gody akasema chumba kile hakitaki vumbi. Wakubwa wakasema basi ufunguo apewe mtu anayejua kufuta vumbi. Akapewa Dafroza.

Sasa sava ni chuma, na chuma hufa bila kuaga. Gody alitaka kila kitu kilichomo humo kiwe na nakala nje. Kwenye intaneti ikashindikana. Intaneti yetu, ukituma picha moja ya kifua unaweza kuchambua maharage, ukayapika, ukala, ukaosha sufuria, na bado inasukuma. Kwa hiyo wafadhili wakaleta mashine ya tepu. Ukubwa wake ni kama redio ya mezani, ina mdomo katikati, na unaulisha tepu ngumu ya mraba inayotosha kiganjani. Ndani ya hiyo tepu kuna utepe mrefu ambao Gody aliapa ungefika kutoka hospitalini mpaka stendi na kurudi.

"Kila siku saa kumi unatoa hii, unaweka hii," alimwambia Dafroza. "Usiku inanakili yenyewe. Asubuhi ukikuta taa ya kijani inawaka, kazi imeisha."

"Na nikikuta haiwaki?"

"Unanipigia, mama."

Tepu zilikuwa tano. Dafroza alizibandika plasta ya wodini akaandika kwa kalamu ya wino: Jumatatu, Jumanne, mpaka Ijumaa. Ile ya Ijumaa haikulala hospitalini. Jumamosi asubuhi ilipanda gari letu linalofuata dawa Musoma, ikapelekwa Bweri kwa Gody, na ya Ijumaa iliyopita ikarudi. Kwa hiyo Ijumaa peke yake iliongezewa pacha, zikawa Ijumaa mbili zinazopishana njiani kama wake wenza. Gody alisema hospitali ikiungua, Mungu apishe mbali, kule Bweri wagonjwa wetu wote wapo.

Dafroza hilo hakuhitaji kufafanuliwa mara mbili. Kwao, mtu mwenye ng'ombe hawalazi wote zizi moja. Wawili unawaweka kwa rafiki Nyamuswa, watatu kwa shemeji, wengine unabaki nao. Rafiki anakamua maziwa, anapata samadi, ndama ni wako. Wezi wakija, au ugonjwa ukishuka, hawawezi kumaliza kote.

Miaka sita Dafroza alibadili tepu bila kukosa siku. Akiumwa malaria, anakuja amejifunga khanga kichwani, anabadili, anarudi kulala. Gody alimpigia simu kila Ijumaa.

"Kijani inawaka, mama?"

"Inawaka."

"Basi wapo wote."

Na mimi nikaona mashine ya watu inakaa uchi. Nyumba yoyote ya maana redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa. Nikakaa na kroshia yangu wiki tatu, nikafuma kimoja cheupe chenye maua ya njano pembeni, nikakipiga wanga kikasimama wima, nikakipeleka. Dafroza alikilaza juu ya mashine ya tepu, ncha zikaning'inia mbele kwa madaha, kushoto na kulia, katikati akaacha mdomo na taa yake ya kijani. Kilipendeza. Mganga mkuu alipita akasema, "Chumba hiki sasa kina mama." Nilitembea nimevimba siku mbili.

Hapo nimtaje Debora, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalimwangukia yeye.

Debora Masatu ni dada wa Kiabakari, anauza chapati barabarani, na ana kifafa. Jumanne ndiyo siku ya kliniki ya kifafa kwetu. Dafroza anamjua toka enzi za mashine ya kusaga. Debora alikuwa binti mdogo anayeleta mahindi ya mama yake kichwani. Mkono wake wa kushoto una kovu mpaka kwenye kiwiko, alianguka kwenye jiko. Dawa ikiwa ndogo anaanguka. Ikizidi, analala amekaa, chapati zinaungua. Daktari mmoja mwanamke alihangaika naye miaka miwili mpaka akapata kipimo chake. Mwaka mzima Debora hakuanguka. Kisha akapata ujauzito, na ile dawa ya zamani haifai kwa mtoto. Yule daktari akamwandikia ngazi: wiki hizi unapunguza hii kiasi hiki, unaongeza ile kiasi kile, hatua nane, taratibu, usiruke hata moja. Akaiandika yote kwenye kompyuta. Mwezi uliofuata daktari mwenyewe akaenda masomoni. Na kadi ya Debora, ile ya karatasi, ikaliwa na mbuzi.

Usicheke. Mbuzi wa Kiabakari anakula hata bili ya umeme.

Kwa hiyo ngazi ya Debora ilibaki mahali pamoja tu, ndani ya sava. Pamoja na nakala zake za tepu, tukiamini zipo.

Dafroza alipata likizo, akaenda kwa mama yake. Mama yake, Nyamburi, ni kikongwe mwenye ulimi ambao mimi wangu bado unajifunza. Alikuwa anapepeta mtama, akamwuliza bintiye kazi ikoje. Dafroza akamweleza habari za tepu, na ile ya Ijumaa inayokwenda Bweri.

"Huyo wa Bweri anasemaje?"

"Anasema wapo wote."

"Ulishaenda ukawaona?"

Dafroza akaokota punje zilizoruka nje ya ungo.

"Baba yako," Nyamburi akasema, "naye alikuwaga mtu wa kuambiwa wapo."

Dafroza alinisimulia hilo baadaye, kwenye chai, na ni mara yangu ya kwanza kumwona ameacha andazi nusu. Baba yake, mzee Stanislausi, aliwahi kuweka ng'ombe wanne kwa rafiki yake Nyamuswa. Kila wakikutana mnadani anauliza, anajibiwa: wapo, wamenona. Miaka mitatu hakwenda kuangalia. Angekwendaje? Kumwambia rafiki yako nifungulie zizi nihesabu ni kumwita mwizi mbele ya watoto wake. Kisha wezi wakasafisha zizi la nyumbani usiku mmoja. Mzee akachukua kamba, akaenda Nyamuswa kufuata akiba yake. Akakuta ng'ombe mmoja, mwenye pembe iliyovunjika. Wawili walikufa kwa ukame, mmoja aliuzwa mtoto wa rafiki alipolazwa. Rafiki hakuiba. Aliona haya kusema. Tangu mwaka huo Nyamburi aliweka sheria yake mwenyewe: kila baada ya miezi mitatu anakwenda na chumvi. Aliyebeba chumvi ya ng'ombe hafungiwi zizi. Unawalambisha mmoja mmoja mkononi mwako, unawataja majina, na hakuna aliyetukanwa.

"Sasa mimi," Dafroza akaniambia, "toka ninunue plasta ile ya kwanza, sijawahi kulambisha hata tepu moja."

"Si kijani inawaka?"

"Kijani inawaka," akasema, na jinsi alivyosema chai yangu ikapoa.

Jumamosi ile alipanda gari la dawa pamoja na tepu yake, amebeba kilo tatu za unga wa mtama wa mama yake. Mpaka Bweri. Gody alimkuta mlangoni akadhani kuna msiba.

"Mama! Kuna shida?"

"Hakuna. Nimekuletea unga. Na nimekuja kusalimia tepu."

Gody akacheka. "Tepu hazisalimiwi, mama."

"Basi nitazamie mtu mmoja tu. Debora Masatu wa Kiabakari. Nataka nione dawa zake kwa macho yangu, halafu nirudi."

Ungemwambia Gody nionyeshe kama kazi yako ni ya kweli, angenuna mpaka Krismasi. Lakini unga umeshapokelewa, maji ya kunywa yameshaletwa, atakataaje? Mezani kwake ana mashine nyingine ya tepu, ya hospitali zake zote. Akaingiza Ijumaa. Mashine ikaunguruma. Majina yakaanza kupita kwenye skrini, wagonjwa wa miaka ya nyuma, na Gody akageuka kumtazama Dafroza kwa uso wa si nilikuambia. Kisha ikakoroma, ikarudi nyuma, ikaenda, ikarudi, ikasimama.

Akajaribu tena. Ikasimama palepale.

Akajaribu ile Ijumaa nyingine. Hiyo hata majina haikutoa.

"Mama," akasema, na sauti imekuwa ya mtoto, "hizi hazikumalizika."

"Debora yumo?"

"Hayumo."

Jumatatu Gody alikuwa kwetu kabla ya kengele ya misa. Alikagua tepu nne zilizobaki. Tatu nusu, moja haisomeki kabisa. Maana yake tulikuwa na nakala moja tu ya kila mgonjwa duniani, nayo ni ile sava yenyewe, na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa ziwa. Umeme wetu mvua ikinyesha unarukaruka kama ndama aliyefunguliwa.

Mimi nilikuwa nimefuata mapazia. Nikamkuta Gody amepiga magoti mbele ya mashine, amenyanyua ncha ya kushoto ya kitambaa kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuta panya.

"Hii taa imewaka toka lini?"

"Taa ipi?" Dafroza akauliza.

"Hii ya machungwa."

"Hapo pana kitambaa."

Taa ya machungwa, kumbe, ndiyo mashine inavyoomba kusafishwa mdomo. Ilikuwa inaomba chini ya ua langu la njano, sijui miezi mingapi. Gody akachukua kibano, akaingiza mdomoni mwa mashine, akatoa vinyweleo vya uzi. Vyeupe. Na vingine vya njano. Akaviweka kwenye kiganja. Wote wakaviangalia, kisha wakaniangalia mimi.

Nilitaka kusema uzi ule niliununua dukani Bunda na muuzaji aliapa hautoi manyoya. Nikasema, "Ni mimi." Nikakichukua kitambaa changu. Mpaka leo kimefunika jagi la maji, kazi inayokifaa.

Lakini uzi wangu ulikuwa nusu ya balaa. Nusu nyingine ilikuwa imekaa mapokezi, imechana nywele.

"Fredi," Gody akaita. "Asubuhi ukifungua kompyuta yako hakuna ujumbe unaotokea?"

"Upo. Unatokeaga katikati ya skrini, unanifunikia foleni. Naufunga."

"Unasemaje?"

"Ni Kiingereza."

"Si umemaliza fomu foo?" nikamwuliza.

"Ulikuwa mrefu, mama Jenipher."

Gody akamwuliza kama kuna kingine alichobofya. Fredi akajikuna shingo. Ikatoka kwamba kunakili hakukuwahi kuisha usiku. Saa mbili asubuhi bado mashine inavuta, kompyuta zote zinakuwa nzito, wagonjwa wanapiga kelele dirishani. Kwa hiyo Fredi alikuwa anabofya neno la kusimamisha. Kila asubuhi. Na mashine ikisimamishwa, kumbe, huwasha kijani ileile. "Nilidhani kilichobaki kitaendelea kesho," akasema.

"Ukimkatisha mkunga katikati," Dafroza akamwuliza taratibu, "kilichobaki kinaendelea kesho?"

Kwa mara ya kwanza nilimhurumia Fredi.

Gody akaingiza tepu ya kusafishia, mara mbili, mpaka taa ya machungwa ikazima. Akafungua tepu mpya, akaanzisha kunakili mchana uleule. Tukasubiri. Ilikuwa inakwenda, lakini kwa mwendo wa harusi. Mashine inavuta kidogo, inasimama, utepe unarudi nyuma, inavuta kidogo tena. Gody akapiga hesabu. "Saa kumi na nne," akasema. "Umeme ukikatika katikati, tunaanza upya."

Dafroza alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, anasikiliza.

"Inasaga hewa," akasema.

"Nini, mama?"

"Hiyo mashine. Inalishwa kiganja kiganja. Kule Kiabakari mteja akimimina mahindi kidogo kidogo, jiwe linazunguka bure, linachemka, mkanda unakatika, na unga unatoka mchafu. Sisi tulikuwa tunajaza kwanza bakuli la juu mpaka pomoni. Ndipo unafungua chini, inashuka moja kwa moja. Gunia linaisha hujamaliza kusalimiana na mwenyewe."

Gody akamtazama. Kisha akaitazama mashine. Kisha akajipiga kofi la paji la uso ambalo lilisikika wodini.

"Hili nilifundishwa chuoni," akasema. "Nilifundishwa kabisa. Nikalifaulu."

Akamweleza, na mimi nikadaka. Wagonjwa wetu wamo kwenye sava kama vijipande maelfu kwa maelfu, na mashine ya tepu ilikuwa inasubiri kiletwe kimoja, kiandikwe, kiletwe kingine. Utepe haupendi kusubiri. Ukisimama lazima urudi nyuma kujipanga, na huko kurudi ndiko kulikokula usiku wote na kuuchakaza. Dawa yake ni kukusanya kwanza. Kompyuta ya Fredi ilikuwa na nafasi kubwa tupu. Gody akapanga: mchana, taratibu, vijipande vyote vivutwe kwenda pale, vifungwe mafungu makubwa makubwa. Likijaa bakuli, ndipo limwagwe kwenye tepu kwa mkupuo mmoja.

Kukusanya kwa mara ya kwanza kulichukua siku mbili. Siku hizo Dafroza hakula chakula cha kueleweka. Kila wingu likipita anatoka nje kuliangalia kama mgeni asiyemtaka. Nilimwambia wingu halina aibu, halitaondoka kwa kutazamwa. Jumatano saa tano asubuhi Gody akaingiza tepu, akamwaga.

Sauti ilibadilika. Haikuwa tena kuvuta na kukoroma. Ilikuwa uuuu mmoja mrefu, sawasawa, kama mashine ya kusaga iliyoshiba. Saa mbili na nusu baadaye ikanyamaza. Kazi iliyoshindikana kwa usiku mzima miaka yote hiyo imekwisha kabla wapishi hawajapakua.

"Kijani," Gody akasema.

"Kijani nimeizoea," Dafroza akasema. "Nitolee Debora."

Akatolewa Debora kutoka kwenye tepu. Jina, kijiji, ngazi, hatua zote nane. Dafroza akaweka kidole kwenye skrini akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, mpaka ya mwisho. Kisha akaomba mtu wa Nyamuswa. Kisha mtoto aliyevunjika mguu Jumatatu, na picha ya mfupa wake. Wote walikuwapo. Akakaa kwenye ndoo yake ya deki iliyofudikizwa na kusema, "Haya."

Toka hapo ikawa sheria, na Gody ndiye aliyeiandika ukutani, ingawa ni ya kikongwe wa Butiama: kila Ijumaa tepu inafunguliwa na kutolewa wagonjwa watatu, kila wiki watatu wengine, na anayewachagua ni Dafroza. Ya Ijumaa bado inakwenda Bweri. Ya Alhamisi anaileta kwangu, nailaza kabatini kati ya mashuka makavu. Fredi naye akafundishwa kusoma ule ujumbe, na kwamba neno la kusimamisha si lake.

Yapata wiki ya tano, Jumatatu saa tisa mchana, radi ikapiga nguzo ya umeme nyuma ya jengo la mapokezi.

Nimeishi Mara maisha yangu yote, radi nazijua, lakini ile ilinikalisha chini na beseni langu. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Kompyuta ya Fredi ilitoa moshi. Sava haikutoa kitu, ilinyamaza tu, na mashine ya tepu vilevile. Hakuna mtu aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini chumba kile kilikuwa kimekufa chote kwa pamoja, na bakuli la kukusanyia nalo limekufa.

Dafroza akasimama mlangoni. Nilidhani atalia. Akatoa simu.

"Gody. Radi. Hakuna kilichobaki humu. Kesho ni Jumanne." Akasikiliza. "Ndiyo. Njoo na mashine yako ya tepu, na kompyuta, na Ijumaa. Usije na maelezo."

Jumanne saa moja asubuhi benchi la kliniki lilikuwa limejaa, na Debora amekaa mwanzoni kabisa, tumbo la miezi sita, pakiti ya dawa tupu mkononi. Alikuwa amemeza ya mwisho Jumatatu asubuhi. Kope lake la kulia lilikuwa linachezacheza, na wanaomjua wanajua hiyo ni dalili ya kuanguka.

Dkt. Renatus, aliyempokea kutoka kwa yule daktari mwanamke, akamwita.

"Dada, kompyuta zimeungua. Niambie tu, ulikuwa unakunywa ngapi?"

"Mwezi uliopita nilikuwa nakunywa mbili na moja. Lakini daktari mama alisemaga wiki hii inabadilika."

"Inabadilika kuwa ngapi?"

"Si mliandika ninyi?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Siwezi kubahatisha," akamwambia, kwa upole. "Nikikupa pungufu utaanguka, na sasa mko wawili. Nikizidisha, ni yaleyale. Kaa karibu na nesi. Tusubiri."

Nikampeleka Debora kwenye chumba changu, nikatandika godoro sakafuni, nikaondoa pasi na kila kitu chenye ncha. Nikamwambia alale ubavu. Akasema ana njaa. Nikasema afadhali, mwenye njaa yuko macho.

Gari liliingia saa tatu kasoro. Gody alishuka amekumbatia mashine yake ya tepu kama mtoto mchanga aliyefunikwa. Nyuma dereva amebeba kompyuta. Wakaunganisha kwenye chumba cha mikutano, mbali na zile nyaya zilizoungua, kwa jenereta. Dafroza akavua kifuniko cha tepu yenye plasta ya Ijumaa, akaifuta kwa kiganja kikavu, akaiingiza mwenyewe.

Uuuu.

Fredi alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Dada Dafroza, ikisimama tufanyeje?"

"Haitasimama."

"Lakini ikisimama?"

"Fredi, nenda kawaambie watu wa benchi wasubiri. Hiyo kazi unaiweza."

Aliongea kwa ukali, lakini nilimwona anavyoshika ukingo wa meza. Saa nne ikapita. Saa tano. Nilikuwa nakimbia huku na huku, dakika tano kwa Debora, dakika tano kwa tepu. Mara moja mkono wa Debora ulikakamaa, nesi akaja akakaa naye, ukalegea. Nikarudi mbio. Utepe ulikuwa bado unaimba wimbo wake mmoja.

Saa tano na nusu ukanyamaza. Gody akaandika jina.

Debora Masatu. Kiabakari. Hatua ya tano.

"Asubuhi moja na nusu, jioni mbili," Dkt. Renatus akasoma kwa sauti, "na ile ya zamani aache kabisa kuanzia wiki hii." Akavuta pumzi. "Aache kabisa. Ningempa. Kwa kubahatisha, ningempa."

Gody aliinamisha kichwa mezani, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka. Fredi alikuwa tayari anakimbia kwenda dirisha la dawa na karatasi mkononi, mbio za mtu wa kweli, na nikamsamehe nusu ya dhambi zake. Tulichopoteza ni Jumamosi mpaka Jumatatu tu, wagonjwa ishirini na kitu, na Dkt. Renatus aliwakumbuka karibu wote. Waliobaki walipigiwa simu.

Debora alimeza dawa zake kwa kikombe changu cha uji. Saa moja baadaye kope lilikuwa limetulia, rangi imerudi usoni, na akaanza kulalamika. Mgonjwa akilalamika, amepona.

"Toka saa moja mmeniweka," akamwambia Dafroza aliyekuja kumchungulia. "Chapati zangu nani amepika leo? Mlikuwa mnafanya nini muda wote huo?"

"Tulikuwa tunakutafuta."

"Mnanitafuta? Si niko hapa nimekaa na tumbo lote hili?"

Dafroza akataka kumweleza. Kisha akaanza kucheka, yule mwanamke mkavu, kicheko cha tumboni kilichomfanya ashike ukuta, na Debora akacheka bila kujua anacheka nini, na mimi nikawaambia wote wawili watoke chumbani kwangu, nina mashuka arobaini ya kuanua kabla mvua haijarudi.